Mtoto wa Masaki Aliyezaliwa Kariakoo

Kwako Nasra,

Leo salamu sikupi. Tangu saa saba mchana wewe na mimi tunajibizana kwa nusu mdomo, na nikianza na "hujambo mwanangu, sisi huku hatujambo" utajua mama anaigiza. Naandika nikiwa dukani, kwenye meza ya kukatia vitambaa, na kila nikimaliza mistari miwili anaingia mteja kuulizia pazia la dirisha la choo. Wewe umekwenda kusuka, umenuna, na simu yako umeiacha hapa inachaji kwa sababu nyumbani umeme umekatika tangu asubuhi. Alfajiri unapanda ndege. Nikisema nisubiri urudi nikwambie kwa mdomo, tutagombana tena mbele ya shangazi yako, na mimi nimechoka.

Mambo ya pasipoti, ya sanduku na ya pilipili ya kusaga sitayagusa. Shangazi Saida ameshayasema mpaka wapangaji wa juu wameyakariri. Mimi nina jambo moja tu, la hilo grupu lako.

Kwanza, simu yako sikuipekua, hilo liondoe kichwani. Nilikuwa nampimia mama mmoja kitambaa cha sebuleni, futikamba mkononi, simu ikalia pale kwenye chaji, kioo kikawaka na meseji ikajianika yenyewe. "Naz wa Masaki, gari la kesho usiku limejaa. Nafasi mbili tumewapa wale ndugu wa Kigoma, wao hawana uwezo wa taksi. Wewe tunajua utajiongeza." Nikaisoma. Nikamwambia yule mama, samahani dada yangu, nipe dakika. Nikaisoma tena.

Naz namjua. Hilo jina mlipeana na wenzako tangu sekondari na mimi nikalizoea, ingawa bibi yako aliyekupa Nasra hajalizoea mpaka leo. Wa Masaki ndiye sikumjua. Nimekuzaa mimi, nimekulea hapa Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, ghorofa ya pili, juu ya duka la ndoo na mabeseni. Masaki kwa matajiri ulikwenda kwenye bethidei ya rafiki yako, ukarudi na kipande cha keki kwenye tishu. Labda kuna siku nyingine ulihamia huko na mimi sikuambiwa.

Uliporudi kutoka kununua soksi nikakuuliza. Ukanijibu, "Mama, si grupu tu, acha presha."

Grupu tu! Nasra, hao ni Watanzania wa Konya, huko Uturuki, mji unaokwenda kuishi. Mjomba wako alihangaika kumtafuta mtu anayemjua mtu mpaka ukaingizwa humo. Na utaratibu wao tulielezwa wote, wewe ukiwa umekaa pale pale ukila karanga. Mgeni anaingizwa kabla hajasafiri, anajitambulisha, anasema anafika lini, na mwenye gari aliye zamu anakwenda kumpokea uwanjani. Siku za mwanzo analala kwa mmoja wao mpaka hosteli imfungulie. Hao watu hawana ofisi. Wana yale maneno machache ambayo mgeni anayaandika anapoingia, na kwa hayo wanajua nani wa kumsaidia kwanza.

Sasa wewe uliandika nini? Ulinionyesha mwenyewe, kwa hasira, ukidhani nikiona nitanyamaza. "Mambo vipi wadau, ni Naz hapa, mtoto wa Masaki, tupo pamoja." Halafu msururu wa vikatuni, vingine vimevaa miwani ya jua. Basi. Dada mmoja akakujibu kwa upole, karibu mdogo wangu, jina lako kamili nani, unakuja kusoma nini, unashuka lini? Ukamtumia kikatuni kinachocheka na neno moja, "Jumanne." Mwingine akauliza, "Masaki upande gani? Mimi nimefanya kazi huko miaka mingi." Hapo ukazima data. Wiki nzima mtu mzima wa watu anasubiri jibu la swali la kawaida kabisa.

Nikakuuliza kwa nini. Nilitegemea utasema ulikuwa unatania. Ukaangalia mlangoni, ukasema, "Mama, nikisema Kariakoo wataniuliza tunauza nini."

Nikakupigia kelele, halafu nikageukia kitambaa changu. Wewe ukadhani umeshinda, ukabeba pochi ukaenda kusuka. Nilikupa mgongo kwa sababu iliniuma. Naiandika hapa ili usije ukasema hukujua: iliniuma sana. Tunauza mapazia, Nasra. Mapazia, fimbo zake na pete zake. Siyo bangi. Hakuna mtu wa Konya atakayezimia akisikia. Na hiki kitambaa kinachonitia vumbi puani tangu hujazaliwa ndicho kilichokusomesha mpaka ukajua kusema "wadau".

Haya, nimepumua kidogo. Nitajaribu kuandika kama mtu mzima, kwa sababu na mimi kujitambulisha kulinishinda, tena mara mbili.

Mara ya pili unaikumbuka, maana ni wewe uliyeniingiza kwenye grupu la wauza mapazia. Wewe ulicheka ile voisi yangu tu. Yaliyotangulia huyajui. Uliponiingiza niliandika "Hodi." Nikaweka simu chini nikasubiri. Mimi najua mtu akipiga hodi haingii mpaka aambiwe karibu, hata kama mlango uko wazi na anawaona watu wamekaa ndani. Nikasubiri siku hiyo, nikasubiri na ya pili. Humo ndani watu wanatumiana picha za vitambaa, wanaulizana kontena la nani limetoka bandarini, wanachekeshana, na hodi yangu imefukiwa huko juu hakuna hata aliyeiona. Mimi nikaona nimedharauliwa. Nikamwambia baba yako watu wa humo hawakufunzwa adabu kwao. Akasema, "Sasa wewe umepiga hodi katikati ya barabara, nani akufungulie?" Nikamnunia na yeye.

Nilipochoka kusubiri nikaamua kuwaonyesha. Ndiyo ile voisi. Nikaanza na bismillahi, nikamtaja baba, nikamtaja babu, nikaingia Kilwa tulikotoka na mtaa wenyewe, nikamkumbuka marehemu bibi na mikeka yake, nikawapa pole waliofiwa ingawa sikuwa namjua aliyefiwa. Nilizungumza kama niliyepewa kipaza sauti harusini. Na wewe katikati ukapita ukipiga kelele, "Mama, chapati inaungua!" na imo humo mpaka leo. Duka langu liko mtaa gani, sikusema. Nauza mapazia ya aina gani, sikusema.

Hapo sasa wakaanza kunikaribisha. Kila aliyeandika shikamoo nikamjibu, "Marahaba mwanangu." Nikanogewa. Mmoja hakuandika shikamoo, aliandika "Karibu" kavu kavu, na picha yake ilikuwa ya kijana mdogo kwenye sare ya shule ya msingi. Nikamwandikia, "Ahsante mwanangu, na shikamoo yangu umemwachia nani? Au siku hizi shuleni hamfundishwi?" Kumbe kijana wa kwenye picha ni mjukuu. Mwenye simu alikuwa Mzee Hafidhi wa Mtaa wa Kongo, mwenye stoo ambayo karibu sote tunachukua mzigo kwake kupitia mikono ya watu wengine. Mtu wa umri wa baba yangu, na mimi nimemdai shikamoo mbele ya kadamnasi.

Nilivaa baibui langu jipya nikaenda kwake kwa miguu kumwomba radhi. Aliniacha nimekaa juu ya marobota mpaka alipomaliza kugombana na wapagazi wake. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia, halafu akanitazama.

"Ndiyo wewe wa chapati?"

"Ndiye mimi, mzee wangu. Nisamehe."

"Nimekusikiliza mpaka mwisho. Bibi yako namjua sasa kama nilikula kwake. Duka lako liko wapi?"

Nikamwambia. Akakasirika upya. "Uko hapo nyuma tu? Na miaka yote hii mzigo wangu unauchukulia kwa watu wa kati? Si ungesema hilo, mama, ukatuachia mikeka!"

Niliingia kwenye lile grupu na adabu zote ninazozijua, nikasahau kusema lile moja ambalo lingewawezesha kunisaidia. Wewe umefanya hivyo hivyo kwa njia yako, ila wewe huna hata hizo adabu za kujitetea nazo.

Mara ya kwanza sijawahi kukusimulia, kwa sababu haichekeshi. Nilipoolewa nikaletwa Dar, baba yako alikuwa amepanga chumba mtaa wa Gerezani, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja wa kupikia. Mgeni katika nyumba ile alitakiwa azunguke chumba kwa chumba siku ya kwanza, aseme jina lake na kwao, akae kidogo kwenye kigoda, anywe hata maji. Shangazi Saida aliniambia hivyo. Mimi nikaona haya. Nilikuwa na lafudhi ya Kilwa, na wale wanawake wa pale walikuwa wanaongea haraka, wanacheka kabla neno halijaisha, nikajiona mshamba. Nikasema moyoni nitatulia ndani kwanza, nitawasikiliza wanavyosema, na nitakapotoka nitatoka nikiwa mtu wa mjini. Nikateremsha pazia la mlango. Maji nilikuwa nachota wenzangu wakiwa wamelala. Wakasubiri niwaambie jina langu, walipochoka wakanipa la kwao, Bibi Pazia. Wale wachache wanaoniita hivyo mpaka leo, wewe ulidhani ni kwa ajili ya duka.

Basi homa ikanishika. Baba yako alikuwa kazini bandarini na simu za mkononi wakati ule walikuwa nazo wakubwa. Nikalala chini natetemeka meno yanagongana. Nje ya pazia, hatua chache tu, wanawake walikuwa wamekaa wanamenya vitunguu na kusimuliana mambo ya kungwi mmoja wa Buguruni, nawasikia kila neno. Nilitaka kuita. Nikafungua mdomo, sikuwa na jina hata moja la kuita. Nimekaa nao zaidi ya mwezi na sikujua hata mmoja anaitwaje. Na wao hawakuinua lile pazia, siyo kwa roho mbaya, waliona mwenyewe anapenda kukaa peke yake. Baba yako alinikuta jioni sijitambui. Ujauzito niliokuwa nao, wa kabla ya kaka yako, haukusimama baada ya hapo.

Hilo hukuwahi kuambiwa. Sasa umeambiwa.

Mama Chausiku wa chumba cha kona ndiye aliyenikanda na kunipikia uji nilipotoka hospitali. Alikuwa analia na kunigombeza kwa pamoja. "We mtoto, ungesema tu jamani naumwa. Sisi tungejuaje?" Ndiyo maana leo mchana nilipaza sauti mpaka muuza kahawa akasimama kutuangalia. Ulifikiri nimekasirika kwa sababu umelikataa duka. Nimekasirika kwa hilo pia, sitakudanganya, lakini siyo hilo lililonipandisha.

Tangu lile tukio la Mzee Hafidhi nimekuwa nawatazama wageni wanavyoingia humo kwenye simu, kazi sina. Kuna anayeanza kwa kutuma picha ya maua ya waridi yenye maneno ya asubuhi njema, kila siku waridi, mpaka leo hatujui ni mwanamke au mwanaume. Kuna anayeingia na "bei?" kama aliyerushwa kutoka dirishani. Kuna aliyejitambulisha kuwa yeye ni mkurugenzi, akaandika cheo kirefu kuliko jina, tukamwogopa, hakuna aliyemuuliza chochote, akaondoka kimya kimya. Nilikuja kumwona kwa macho. Alikuwa na meza moja ya vitambaa nje ya duka la mtu, na mwaka ule alihitaji sana mtu wa kumshika mkono.

Halafu akaingia binti mmoja wa Mbagala. Akaandika, "Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naitwa Asha, niko Mbagala, nimeanza kushona mapazia mwezi huu. Kukata kitambaa cha maua ili maua yaoane kunanishinda, naharibu sana. Naomba wa kunielekeza." Hakuweka kikatuni hata kimoja. Kabla sijamaliza kusoma watu wawili walikuwa wameshamtumia namba zao, na mmoja alikuwa Mzee Hafidhi. Wewe ungemwona mshamba. Mimi nilimwonea wivu, nikatamani ningeweza kuandika vile Gerezani.

Najua unachotaka, Nasra. Unataka ushuke huko ukiwa mtu mpya, asiyejulikana mama yake anapiga kelele dukani na kaka yake anabeba marobota. Umri wako nami niliupita, nilitaka hivyo hivyo. Kuwa Naz basi, mimi sina shida na Naz. Suka unavyotaka, cheka unavyotaka. Lakini mtoto wa Masaki hapokelewi na mtu, mwanangu. Mtoto wa Masaki ana pesa ya taksi, ana hoteli, ana mjomba ubalozini. Wale watu hawajakutupa. Wamekuamini tu. Umejipandisha hadhi mpaka umekosa lifti, na wale wa Kigoma waliosema ukweli wao kesho usiku watakaa kwenye kiti chako.

Simu yako iko hapa mbele yangu. Namba ya kufungulia naijua, ni ile ile ya tangu zamani, usishtuke. Nimeishika mara mbili. Mara ya pili nilifika mpaka pale pa kuandikia, nikaandika "Assalaam alaykum ndugu zangu, mimi ni mama yake," nikasikia kabisa sauti yako ikisema, "Mama, umenichoresha!" Nikafuta. Nikiandika mimi watakupokea kesho, halafu utakuwa yule mtoto aliyeombewa na mama yake, na siku utakayougua huko utasubiri tena mama aandike. Nimeirudisha kwenye chaji. Imenigharimu kuirudisha, ujue hivyo.

Jirani yangu muuza viroba amekuja kufunga mlango wake, na mimi inabidi nifunge. Barua hii nitaiweka chini ya simu uikute ukirudi kuichukua. Isome, kasirika, nitukane kimoyomoyo ukitaka. Halafu kaa kwenye kile kiti cha wateja uwaandikie.

Na kama Kariakoo inakukwama kooni, iache. Ninasema kweli, siyo kwa kejeli. Usiitaje. Usinitaje mimi wala tunachouza, mwambie yule aliyeuliza Masaki upande gani ulikuwa unatania na mambo yaishie hapo. Sitakuja huko kuulizwa. Lakini waambie jina lako lote. Waambie una miaka kumi na tisa, hujawahi kutoka nje ya nchi, Kituruki hujui hata neno la kuombea maji, na unaogopa. Unaogopa, Nasra, nimekusikia siku hizi ukijigeuza kitandani. Waambie ndege inashuka saa ngapi.

Mimi wasinijue, sawa tu. Nataka mtu mmoja awe amesimama pale mlangoni pa uwanja anakuulizia wewe kwa jina.

Mama yako